Kodi ya Urithi, Mirathi na Mashamba Yetu ya Kigamboni

Mada iliyotolewa na wahasibu wa kamati ya fedha katika harambee ya mwaka ya chama

   

Kamati ya fedha tumepewa dakika ishirini, na pilau tunalisikia linavyonukia nyuma ya hema, kwa hiyo hatutazizidisha. Mapato na matumizi ya mwaka yamo kwenye kurasa za kijitabu hiki, kila mtu atayasoma kwa nafasi yake. Tumeomba muda huu kwa sababu ya swali ambalo wanachama wametuuliza mara nyingi, wengine kwa simu, wengine wakitukuta kivukoni: je, ni kweli inakuja kodi ya urithi, na je, mtoto atalazimika kuuza shamba la baba yake ili ailipe?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Leo hii Tanzania haina kodi ya urithi. Waingereza walipotutawala walikuwa nayo kodi ya mali ya marehemu, lakini haipo tena katika sheria zetu. Jirani zetu wa Kenya nao waliifuta ya kwao mwaka 1982. Mtoto akirithi nyumba, duka au shamba, hakuna asilimia inayokatwa kwa sababu tu amerithi. Anayewatumia ujumbe kwenye simu kwamba kodi hiyo imeshaanza, mwambieni alete sheria tuisome pamoja.

Mazungumzo haya yametoka mbali. Serikali ya Uingereza, katika bajeti ya tarehe 30 Oktoba 2024, ilitangaza kwamba mashamba na biashara za familia, ambazo kwa miaka mingi zilisamehewa kodi ya urithi, zitaanza kutozwa kuanzia Aprili 2026. Pauni milioni 1 za kwanza zingebaki na msamaha wote, na thamani inayozidi hapo ingelipiwa asilimia 20, nusu ya kiwango cha kawaida cha asilimia 40. Wakulima waliingia London, matrekta yao yakajaa barabarani. Mwishoni mwa 2025 serikali ikalegeza, ikapandisha kiwango cha msamaha hadi pauni milioni 2.5.

Kila upande ulikuwa na hoja. Serikali ilisema kuna matajiri wanaonunua mashamba kwa lengo la kukwepa kodi, si kwa lengo la kulima, na kwamba si haki mwenye nyumba alipe na mwenye eneo kubwa asamehewe. Wakulima walisema: shamba letu ni la mamilioni kwenye makaratasi, lakini mfukoni hatuna kitu, na ukitutoza kwa thamani ya ardhi tutaiuza ardhi yenyewe.

Ndugu mwenyekiti, hoja hiyo ya pili mtu wa Kigamboni anaielewa bila kufafanuliwa. Tunao wazee Kimbiji, Pemba Mnazi, Somangila na Kisarawe II ambao mashamba yao yalikuwa ya mihogo, minazi na mikorosho, na bei ya ekari haikuwa habari ya kumnyima mtu usingizi. Daraja la Nyerere likafunguliwa Aprili 2016. Lami ikasogea, viwanja vikapimwa, na mzee yule yule, mwenye minazi ile ile, akaambiwa kwamba amekalia mamilioni. Chakula chake cha jioni hakikubadilika. Bado anasubiri msimu wa korosho, na akiugua, watoto wanachangishana. Mali ipo ardhini na fedha hazipo ndani, na mtu wa namna hiyo ukimtoza kodi ya thamani siku anayozikwa, wanaobaki watakwenda kwa dalali kabla ya arobaini.

Kwa hiyo tukiulizwa msimamo wetu, sisi hatusemi kodi ya urithi ni dhambi. Shule, barabara na dawa zinalipiwa na kodi, na mwenye majengo kumi ya ghorofa mjini hana sababu ya kuogopa kuchangia. Lakini siku ikija kujadiliwa hapa kwetu, tungeomba mambo yafuatayo yasemwe bungeni kwa sauti: kiwango cha msamaha kiwe cha juu, shamba ambalo warithi wanaendelea kulilima na nyumba ambayo mjane anaendelea kuishi visiguswe, na anayelipa aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kwa miaka. Hata Uingereza wameruhusu kodi ya mashamba ilipwe kwa awamu kumi za mwaka bila riba.

Hiyo ndiyo kodi ambayo haipo. Sasa tuje kwenye zilizopo, maana hapo ndipo wengi tunachanganya.

Kodi ya majengo tunakatwa kwenye umeme tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda hadi 1,500. LUKU haiulizi kama mwenye nyumba yu hai. Kuna marehemu Kigamboni ambao wanaendelea kuwa walipakodi wazuri kuliko sisi tuliokaa hapa. Lakini kukatwa kodi hiyo hakumfanyi aliyenunua umeme kuwa mmiliki wa nyumba, na kijana anayeleta risiti za LUKU mbele ya hakimu kama ushahidi kwamba nyumba ni yake atarudi amenyong'onyea. Kodi ya pango la ardhi kwa mwenye hati nayo inaendelea kuhesabiwa kila mwaka, na isipolipwa inageuka deni lenye nyongeza.

Iko pia kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo inadaiwa mali inapouzwa. Mkaazi wa Tanzania anatozwa asilimia 10 ya faida. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mzee alinunua ekari mbili kwa shilingi 800,000, leo anaziuza kwa milioni 120. Faida ni milioni 119 na laki mbili, kodi ni karibu milioni 12. Hapo kuna unafuu kidogo: shamba la thamani isiyofika milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, haliingii kwenye kodi hii, na nyumba ya kuishi ambayo mtu ameimiliki na kuikaa miaka mitatu haiingii mpaka faida ipite milioni 15. Miaka ya karibuni umekuja pia utaratibu kwamba asiye na kumbukumbu zozote za gharama zake analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa mzee wetu wa mfano hiyo ni milioni 3 na laki sita. Sisi wahasibu, ambao maisha yetu yote tunawahimiza watu watunze risiti, sheria hiyo imetuacha tunatazamana.

Ndugu wanachama, tukizijumlisha kodi hizo zote, bado hazifikii kile ambacho familia zetu zinapoteza mtu anapofariki na mirathi haifunguliwi. Tuchukue familia moja, ya mfano pia, ila kila mmoja hapa anaweza kuipa jina.

Baba ana duka la vifaa vya ujenzi Kibada, kirikuu ya kubebea mzigo, na ekari mbili Kisarawe II. Ana wake wawili na watoto saba. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, mashine ya EFD na akaunti ya benki, vyote kwa jina lake. Duka lina mzigo wa milioni 40, nusu yake umechukuliwa kwa mali kauli Kariakoo. Mafundi wanamdai yeye, na yeye anawadai mafundi wengine, na hesabu hiyo iko nusu kwenye daftari na nusu kichwani. Baba anafariki Jumanne.

Jumatatu inayofuata mtoto mkubwa anafungua duka, kwa nia njema kabisa, wateja wasihame. Mzigo haukuhesabiwa. Fedha za msiba zinatoka kwenye droo. Mama mdogo anatuma mtu kuchukua mabati kumi, kwa kuwa nyumba yake inavuja na marehemu alimwahidi. Hakuna anayeandika, maana kuandika wakati wa msiba kunaonekana ni kukosa adabu. Mwezi wa tatu msambazaji wa Kariakoo anataka chake, mtoto anasema deni ni la baba. Benki haitoi kitu bila msimamizi wa mirathi. Mamlaka ya mapato inaendelea kuona mlipakodi ambaye haleti ritani, na adhabu zinapanda juu ya jina la mtu aliye kaburini. Mwezi wa sita ndugu wa mke mdogo wanasema kaka anakula mali ya yatima. Mwisho wa mwaka ile ni fremu tupu, amepanga wakala wa fedha za simu.

Kodi ya asilimia 20 juu ya mzigo wote wa lile duka ingekuwa milioni 8. Familia imepoteza milioni 40, deni la Kariakoo bado lipo, na ndugu hawasalimiani.

Njia ya kuliepuka jambo hili si ngumu kiasi hicho. Siku duka linapofunguliwa tena, mzigo uhesabiwe mbele ya mtu mmoja kutoka kila nyumba ya marehemu na mjumbe wa mtaa, wote watie saini. Kitafutwe cheti cha kifo RITA. Familia ikae kikao, iandike muhtasari na kupendekeza msimamizi. Kwa familia nyingi za kwetu, zinazofuata sheria za Kiislamu au mila, shauri linakwenda Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, na hesabu ya alivyogawa. Aiarifu mapema mamlaka ya mapato, kwa sababu kodi aliyokuwa akidaiwa marehemu ni deni la mirathi na linalipwa kabla ya mafungu. Masheikh wetu watatuunga mkono hapo: madeni na wosia hutangulia, ndipo warithi wanagawana.

Tunaomba tusisitize neno moja, msimamizi. Ardhi yenye hati inaandikwa kwanza jina lake kama msimamizi, kisha ndiyo inahamishiwa kwa warithi. Kipindi hicho cha katikati ndicho kinachowaharibu watu. Msimamizi akiona jina lake kwenye hati anaanza kuitwa mwenye shamba, na asipokuwa na hofu ya Mungu anaitikia. Yeye ni mtunzaji tu, kama mhazini wa chama.

Halafu kuna saa ambayo wengi hatujui kwamba inahesabu. Kwa sheria yetu ya ukomo, madai ya kurudisha ardhi yana miaka 12, na kama ardhi ilikuwa mikononi mwa marehemu mpaka alipofariki, miaka hiyo inaanza kuhesabiwa siku ya kifo chake. Haianzi siku mlipogundua kwamba jirani amehamisha mpaka, wala siku kaka aliporudi kutoka Muscat. Na hapa Kigamboni sisi tuna sababu ya pekee ya kuogopa. Mwaka 2008 ulitangazwa mradi wa Mji Mpya. Kwa miaka mingi watu waliambiwa wasijenge, wasiendeleze, wasubiri fidia. Mradi ukaja kuachwa. Wazee wengi walifariki katikati ya kusubiri huko, na watoto wakasema, kwa nini tufungue mirathi ya shamba ambalo serikali italichukua? Aliyefariki mwaka 2012, miaka yake 12 ilitimia 2024. Kama kuna mtu ameingia kwenye shamba lile na kukaa, msidhani mnaweza kumngoja hadi mjukuu amalize chuo.

Tusisahau pia miti. Katika pwani hii minazi inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mtu mwingine, na mtu huweza kurithi minazi mitano ndani ya shamba la mjomba wake. Wazee walilijua hilo bila karatasi. Mnunuzi anayetoka Masaki hajui, na dalali hatamwambia.

Sasa, kwa nini wahasibu wa chama cha maendeleo wanazungumzia mirathi kwenye harambee? Wapo wanachama waliotuambia waziwazi kwamba mambo haya ni ya ndani ya nyumba za watu, chama kishughulike na visima na madawati. Tunawaheshimu, na tunawajibu kwa kuwaonyesha mstari mmoja kwenye taarifa ya fedha, ule ulioandikwa “ujenzi wa madarasa ya awali”. Mtaona fedha za mwaka jana ziko pale pale benki, hazijatumika hata shilingi. Wengine mmeshaanza kunong'ona, na mna haki ya kuuliza.

Fedha zimekaa kwa sababu eneo la kujenga tuliahidiwa na mzee wetu mmoja, mbele ya mkutano, akasimama na kunyoosha mkono kuonyesha mpaka: kutoka mwembe ule hadi barabarani. Hakuwahi kuandika. Alifariki kabla ya mvua za masika. Watoto wake hawakatai kwamba baba alisema, lakini ni tisa, wa mama watatu, mirathi haijafunguliwa, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye leo ana mamlaka ya kutia saini kutupa eneo lile. Mmoja akisaini, mwingine anaweza kutubomolea. Sisi kama kamati hatukuwa tayari kuweka matofali ya michango yenu juu ya ahadi ambayo aliyeitoa hayupo na aliyeirithi hajulikani. Watoto wa mtaa ule wanaendelea kusomea chini ya paa la makuti la msikiti. Lile jambo la ndani ya nyumba ya mtu, ndugu zetu, ndilo limesimamisha shule yetu.

Familia hiyo imekubali tuwasaidie. Wana kikao mwezi ujao. Hawana uwezo wa kulipia mwanasheria, upimaji, nakala na safari za mahakamani kwa watu tisa, ambao wawili kati yao wanaishi Lindi. Kwa hiyo kamati kuu imeridhia kwamba sehemu ya makusanyo ya leo iende kwenye dawati la mirathi na ardhi la chama. Dawati litakuwa na mwanasheria siku mbili kwa mwezi, na sisi wahasibu tutakaa hapo bila malipo kuhesabu mzigo wa maduka, kupanga madaftari na kwenda na wajane mamlaka ya mapato. Familia itachangia kadiri inavyoweza. Hatutakuwa wasimamizi wa mirathi ya mtu yeyote, hilo tumeliandika kwenye mwongozo, maana tunajua mnavyotuangalia.

Kwa walio hai tutasaidia zaidi, na ni rahisi zaidi. Anayetaka kuandika wosia tutamwelekeza RITA, ambako unaweza kuhifadhiwa. Waislamu wanafahamu kwamba wosia hauzidi theluthi moja wala haumpi mrithi, lakini hiba inayotolewa na kukabidhiwa mtu akiwa hai ni jambo jingine, na wakfu babu zetu wa pwani waliutumia vizazi na vizazi ili shamba lisikatwekatwe. Mwenye biashara iliyokua tutamshauri aifikirie kampuni. Biashara ya jina lako inasimama siku unayosimama wewe. Kampuni iliyosajiliwa BRELA haifi na mwenye hisa. Zinazorithiwa ni hisa, na duka linafunguliwa Jumatatu likiwa na leseni ile ile. Ina gharama zake, ritani za kila mwaka na mahesabu yaliyokaguliwa, kwa hiyo mwenye genge la nyanya asikimbilie huko kwa sababu ametusikia sisi.

Wenzetu wa Kenya wana jambo moja ambalo tungependa mgeni rasmi alichukue kama litamfaa. Kwao, mali inayohamishwa au kuuzwa ili kukamilisha mirathi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji ikiwa jambo hilo limemalizika ndani ya miaka miwili. Sheria ya namna hiyo inamsukuma mtu amalize mirathi mapema. Tungeipata hapa, tungewaona watu wengi Mahakama ya Mwanzo kuliko kwenye vikao vya kulaumiana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, bahasha zipo mezani upande wa kulia wa hema. Zenye mstari wa kijani ni za madarasa, zenye mstari wa bluu ni za dawati la mirathi. Mnaotuma kwa simu, andikeni kwenye ujumbe mnachangia kipi. Kila mchango unapata risiti leo hii kabla hujaondoka, hata ukiwa wa nauli ya kivuko, shilingi 200. Na yeyote mwenye shamba ambalo bado liko kwa jina la baba au babu, apite pia kwa mwenzetu aliyekaa karibu na spika mwenye daftari jeusi. Hatoi fedha hapo. Ataandikisha jina la marehemu, mwaka aliofariki na mtaa lilipo shamba, tukazihesabu ile miaka 12 pamoja.